Mgonjwa wa saratani hulala wapi, na nani anamuuguza?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo ni nadra kulisikia katika mijadala yetu kuhusu saratani, ingawa kila aliyewahi kuuguza analifahamu vizuri: mahali anapolala mgonjwa katika majuma anayotibiwa, na mtu anayelala pembeni yake. Mimi ni mwalimu mstaafu na mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam. Nilimuuguza dada yangu aliyetoka Newala akiwa na saratani ya mlango wa kizazi, na kwa kuwa nyumba yangu haiko mbali na Barabara ya Kilwa wanakoshukia wasafiri wa Kusini, kabla yake na baada yake nimepokea ndugu, majirani wa ndugu, na hata watu waliofika na kikaratasi chenye namba yangu ya simu tu. Ninayoyaandika nimeyaona sebuleni kwangu na katika mabenchi ya kusubiria hospitalini.

Kila ifikapo Februari 4, Siku ya Saratani Duniani, na tena mwezi Oktoba unaotengwa kwa ajili ya saratani ya matiti, wananchi tunahimizwa kupima mapema. Himizo hilo ni la haki, na ninalirudia kwa kila mwanamke ninayekutana naye, kama ninavyowahimiza wazazi kuwapeleka binti zao kupata chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018. Lakini yuko mtu mwingine ambaye himizo hilo halimgusi tena, kwa sababu amekwisha kupimwa na amekutwa nayo. Ameshika barua ya rufaa mkononi, ameambiwa aende Dar es Salaam, na hakuna aliyemweleza atafikia kwa nani.

Wasomaji ambao hawajapitia huko huenda wanadhani kwamba mgonjwa wa saratani hulazwa wodini hadi tiba iishe. Kwa tiba ya mionzi haiko hivyo. Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania, ikigundulika katika hatua ambayo upasuaji hauwezi kuiondoa, kwa kawaida hutibiwa kwa mionzi ya nje kwa takriban wiki 5, Jumatatu hadi Ijumaa, pamoja na dawa ya saratani iitwayo sisplatini mara moja kwa wiki kwa wale ambao figo zao zinaimudu, kisha hufuata vipindi vya mionzi ya ndani, inayopitishwa ukeni hadi karibu na uvimbe. Kila kipindi cha mionzi ya nje huchukua dakika chache. Mgonjwa anaitwa, anapanda juu ya kitanda cha mashine, anatulia, anashuka, anaondoka. Hakuna sababu ya kitabibu ya kumlaza kila anayetibiwa hivyo, na hata ingekuwapo, vitanda visingetosha. Wakati huohuo wataalamu wanasisitiza kwamba tiba yote, ya nje na ya ndani, ikamilike ndani ya wiki 8, kwa kuwa kila siku inayozidi hapo hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe. Kwa hesabu hiyo, mwanamke wa Newala, ambaye nyumbani kwake ni zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam, hawezi kwenda na kurudi. Anahitaji mahali pa kuishi kwa muda unaokaribia miezi 2. Malazi yake ni sehemu ya tiba kama ilivyo mashine, maana asipokuwa na pa kulala, mashine haitampata.

Basi analala wapi? Wachache wenye uwezo hupanga nyumba ya wageni kwa siku za mwanzo, hadi fedha zinapokwisha. Walio wengi hufikia kwa ndugu: Mbagala, Tandika, Gongo la Mboto, Chanika, Kimara. Ni chumba na sebule chenye familia nzima, na sasa wameongezeka wageni 2, mmoja wao akiwa mgonjwa anayetokwa na damu na uchafu, anayetapika baada ya dawa, na anayeamka mara nyingi usiku kwa sababu mionzi ya nyonga huleta kuharisha na maumivu wakati wa haja ndogo. Choo kiko uani, ni cha wapangaji wote. Alfajiri anatakiwa awe kituoni apande daladala iliyojaa, ashuke, apande nyingine, afike asubiri zamu yake. Na siku mashine inapokuwa na hitilafu, anaambiwa arudi kesho, nauli ya watu 2 ikiwa imekwisha kutumika. Nimewahi kumwona mama wa makamo akikataa kunywa maji tangu usiku ili asihitaji choo njiani, ilhali tumbo lake lilikuwa halishiki kitu na mwili ulikuwa unakauka.

Ugumu mwingine hauonekani kwa macho. Mgonjwa mwenye akili timamu huhesabu. Dada yangu alikuwa akiniuliza bei ya mkaa. Alikuwa akimzuia binti yake asijitilie mchuzi mara ya pili. Nilimwambia mara nyingi kwamba kwangu ni kwake, naye aliitikia, lakini jioni hukosi kumkuta anaosha vyombo kwa mikono inayotetemeka ili asionekane mzigo. Huyo alikuwa kwa mdogo wake wa tumbo moja. Ninapata shida kufikiria hali ya yule aliyefikia kwa binamu wa mumewe, ambaye hawajaonana tangu harusi. Wagonjwa wa namna hiyo huaga kwa heshima. Wanasema wanakwenda mara moja nyumbani kupulizia mikorosho kabla msimu haujapita, au kumwangalia mtoto aliyeachwa kwa jirani, na kwamba watarejea wiki ijayo. Wengine hawarejei, na anayesoma jalada lao hospitalini ataona tu kwamba tiba haikukamilika. Mimi naamini kwamba sehemu kubwa ya tunaowaita wakaidi, wenye imani potofu au waliokimbilia kwa waganga, ni watu walioona haya kuendelea kula chakula cha wenzao.

Hapo ndipo ninapotofautiana kwa heshima na wale wanaosema kwamba bima itamaliza tatizo. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na ninaiombea itekelezwe hadi kijiji cha mwisho. Lakini bima ya afya hulipia vipimo, dawa na huduma. Hailipi kodi ya chumba wala nauli ya daladala, na haimlipi mtu aliyeacha shamba au genge lake ili amshike mgonjwa mkono. Hali ni ileile kwa msamaha wa matibabu unaopitia ofisi ya ustawi wa jamii. Msamaha unaishia kwenye lango la hospitali, nje ya lango hilo kila kitu kina bei.

Wala si kweli kwamba jambo hili halijawahi kufikiriwa nchini kwetu. Wanawake wajawazito wanaoishi mbali au wenye dalili za hatari wamejengewa, katika hospitali na vituo vya afya vya maeneo mbalimbali, nyumba za kusubiria kujifungua, kwa sababu tulikubali kama taifa kwamba umbali unaua. Kwa watoto wenye saratani hatua imekwenda mbele zaidi: pale Muhimbili, kwa ushirikiano na taasisi ya Tumaini la Maisha, mtoto hupatiwa tiba bila kulipia, na pamoja na tiba hiyo familia imefikiriwa mahali pa kufikia, chakula, michezo, na masomo ili mtoto asibaki nyuma darasani. Nilipotembelea watoto hao pamoja na kikundi cha kanisa, niliona kwamba mama wa mtoto alikuwa amekaa ametulia, anajua leo atakula nini na kesho atalala wapi, na akili yake yote iko kwa mwanawe. Mtoto huyo angekuwa na umri wa miaka 40, mama yake angekuwa anatafuta pa kulala Tandika.

Ninachoomba kwa watu wazima ni kitu hichohicho, kwa kiwango cha kawaida kabisa. Karibu na kila hospitali inayotoa mionzi, kuanzia Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambayo tangu ilipoundwa kisheria mwaka 1996 imekuwa tegemeo la nchi nzima, hadi Bugando jijini Mwanza, ambayo imewapunguzia safari watu wa Kanda ya Ziwa, pawepo nyumba ya kufikia wagonjwa wanaotibiwa na kurudi, pamoja na mwangalizi mmoja kwa kila mgonjwa. Vitanda safi, maji, choo cha ndani, jiko la pamoja, na muuguzi anayepita mara moja kwa siku. Halmashauri za wilaya za mbali, ambazo kila mwaka hutoa barua za rufaa kwa wananchi wao, zichangie uendeshaji kwa kadiri ya wagonjwa zinaowatuma. Misikiti, makanisa na vyama vya watu wa mikoa mbalimbali waishio Dar es Salaam wana majengo, viwanja na waumini wenye moyo. Wengi wao wangeshiriki kama wangeombwa jambo moja lililo wazi, badala ya kuombwa kila mara kwa ajili ya mgonjwa mmoja mmoja. Na pale ambapo nyumba haiwezi kupatikana haraka, basi usafiri wa asubuhi kutoka vituo vichache vya pembezoni ungekuwa mwanzo mwema.

Sasa niseme kuhusu yule anayelala pembeni ya mgonjwa. Hospitalini huitwa ndugu wa mgonjwa, na hutafutwa pale tu anapohitajika kununua dawa, kuleta damu au kusaini karatasi. Mara nyingi ni mwanamke: binti, mdogo mtu, mkwe, wakati mwingine mjukuu aliyeachishwa shule kimyakimya. Binti wa dada yangu, ambaye ananiita mama mdogo, alikuwa na umri wa miaka 22 alipopewa kazi ya kumuuguza mama yake, na hakuna mtu hata mmoja aliyekaa naye chini akamfundisha kazi hiyo. Aliyoyajua aliyapata kwenye benchi, kutoka kwa wanawake wengine waliotangulia kwa majuma machache. Benchi lile lina hekima nyingi, na ninawashukuru wote waliotusaidia pale, lakini pia lina makosa ambayo yanaweza kumgharimu mtu maisha. Lilimwambia kwamba aliyechomwa mionzi asilale na mtoto mchanga kwa kuwa mionzi inahama. Si kweli, kwa maana mionzi ya nje haibaki mwilini mwa mgonjwa baada ya kushuka kwenye mashine. Lilimwambia atenge sahani na kikombe. Si kweli, saratani haiambukizwi kwa kula pamoja. Lilimwambia kwamba homa baada ya dripu za dawa ni dalili kuwa dawa inapambana, asubiri ipite. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, kwa kuwa dawa za saratani hushusha kinga ya mwili, na homa ya mgonjwa huyo ni dharura ya kumrudisha hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Mambo ambayo mwangalizi anahitaji kuyajua si mengi wala si magumu. Ngozi inayopigwa mionzi ivaliwe kitu kilegevu kama kanga, isipakwe mafuta au dawa yoyote bila kumwuliza mtaalamu. Mdomo wenye vidonda usukutuliwe kwa maji yenye chumvi kidogo, na chakula kiwe laini, kidogo, mara kwa mara, bila kumlazimisha mtu anayetapika amalize bakuli. Harufu ya kidonda, ambayo huwafukuza watu chumbani na kumfanya mgonjwa atamani kufa kabla ya siku yake, inaweza kupunguzwa. Muuguzi mmoja mwenye huruma alituelekeza namna ya kutumia vidonge vilivyosagwa vya metronidazoli, dawa ya kuua bakteria, na baada ya siku chache majirani walianza tena kuingia kumsalimia dada na kukaa. Vidonge hivyo vinapatikana karibu kila duka la dawa. Tulikuwa tumeishi na harufu ile kwa muda mrefu kwa sababu tu hatukuwa tumekutana na mtu wa kutuambia. Ninaomba kila kliniki ya saratani itenge saa moja kwa wiki, muuguzi na afisa ustawi wa jamii wakae na ndugu wa wagonjwa, wawafundishe, wasikilize maswali yao na kuyajibu, na kila familia mpya ipewe kijitabu cha Kiswahili chepesi chenye maandishi makubwa na namba ya simu ya kupiga.

Kuna pia maumivu yasiyo ya mwili, na ninajua kwamba wengine huyaona kuwa anasa ya kuyazungumza mahali ambapo hata dawa hazitoshi. Mimi siyaoni hivyo. Mwanamke anayeugua saratani ya mlango wa kizazi hubeba aibu ambayo mwenye kisukari habebi, kwa sababu watu humnong'ona kwamba alikuwa malaya, ilhali kirusi kinachosababisha sehemu kubwa ya saratani hiyo huwapata walio wengi kati ya watu waliowahi kuingia katika mahusiano ya kimwili, wakiwamo waliomjua mwenzi mmoja tu. Baadhi ya waume huondoka. Nimewaona pia waume ambao hawakuondoka, waliofua kanga za wake zao na kuwabeba mgongoni hadi barabarani, na hao nao hawana wa kuzungumza naye, kwa sababu mwanamume anayelia mbele ya wenzake huonekana ameshindwa. Suala la unyumba baada ya mionzi halitajwi kabisa. Wanandoa huachwa wabahatishe, na wengi huishia kulala vyumba tofauti wakidhaniana vibaya. Mshauri mmoja aliyefunzwa, mwanamke au mwanamume, anayepewa chumba chenye mlango unaofungika, angeokoa ndoa nyingi. Viongozi wa dini wanafanya sehemu yao kwa dua na maombi, na faraja hiyo ni kubwa, lakini nawasihi wasimwambie mgonjwa kwamba akiamini aache dawa. Aombewe huku anatibiwa.

Lipo pia suala la kumficha mgonjwa ugonjwa wake. Katika familia nyingi, ndugu humvuta daktari pembeni na kumwomba: mama asiambiwe, presha itapanda. Nia ni ya upendo. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba mgonjwa hubaki peke yake katikati ya watu wanaompenda, anasikia minong'ono inayokatika anapoingia, anaona bango la hospitali lililoandikwa saratani kila asubuhi, na analazimika naye kujifanya hajui ili asiwaumize. Dada yangu aliambiwa. Alinyamaza siku ile na siku iliyofuata, kisha akaanza kupanga: nani atabaki na mdogo wa mwisho, shamba lipi ni la nani, deni gani la chama cha msingi halijalipwa, na mtu gani aitwe waombane radhi. Alituagiza pia tusimnyang'anye habari zake mwenyewe. Sidai kwamba kila mgonjwa aelezwe kila kitu kwa mara moja; wapo wasiotaka, na hao waheshimiwe. Ninachosema ni kwamba aulizwe yeye anataka kujua kiasi gani, na jibu lake litangulie mbele ya hofu yetu.

Dada alikamilisha tiba yake, akarudi nyumbani, akalima, akaja kliniki kwa tarehe alizopangiwa. Baada ya muda ugonjwa ulirudi, na safari hii madaktari walisema kazi iliyobaki ni kumwondolea maumivu. Hapa ndipo mwangalizi wa kijijini anapoachwa kabisa. Dawa ya maumivu makali ya saratani ni mofini ya maji, ambayo mgonjwa huinywa kila baada ya saa 4 kwa kipimo alichoandikiwa, pamoja na dawa ya kulainisha choo kwa sababu mofini hufunga tumbo. Si dawa ya gharama kubwa. Inadhibitiwa kisheria, na ni sawa idhibitiwe, lakini udhibiti umefanya ipatikane katika sehemu chache, hivyo mwana wa dada alikuwa akisafiri kuifuata, na chupa ilipokwisha kabla hajarejea, nyumba nzima haikulala. Hofu ya kwamba mgonjwa atakuwa teja ipo hata kwa baadhi ya watumishi wa afya. Kwa mgonjwa mwenye maumivu ya saratani anayepewa kipimo sahihi na kufuatiliwa, hofu hiyo haipaswi kumnyima dawa.

Jirani zetu wa Uganda walikwisha kuonyesha njia. Dk. Anne Merriman alianzisha huduma ya Hospice Africa Uganda mwaka 1993 na kuisambaza mofini ya maji majumbani, na kufikia mwaka 2004 nchi hiyo ilikuwa imebadilisha kanuni ili wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu waruhusiwe kuiandika, jambo ambalo liliifikisha dawa hiyo mahali ambapo hakuna daktari. Kwetu, hospitali za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Selian ya Arusha ikiwa mojawapo ya zilizotangulia, zimekuwa zikiwafuata wagonjwa majumbani kwa huduma ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na kumfariji. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulizitaka nchi wanachama ziiweke huduma hiyo ndani ya mifumo yao ya afya. Wizara ya Afya ikichagua angalau muuguzi mmoja katika kila wilaya, akafunzwa, akapewa idhini na pikipiki, wagonjwa wengi wangekufa bila kupiga kelele, na watoto wao wasingebaki na kumbukumbu hiyo.

Kwa wale walioajiriwa, sheria inahitaji kutazamwa upya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kama ilivyopitishwa mwaka 2004, inampa mfanyakazi anayeugua mwenyewe likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara, na hilo ni jambo jema. Kwa mfanyakazi anayeuguza au aliyefiwa inatoa siku 4 zenye malipo, kwa ugonjwa au kifo cha mtoto, na kwa kifo cha mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Msomaji ataona kwamba mtoto anatajwa akiugua na akifa, bali mke, mume na mzazi wanatajwa wakifa tu. Nawaomba wabunge na vyama vya wafanyakazi waiongeze likizo ya kuuguza mwenzi au mzazi mwenye ugonjwa mkubwa uliothibitishwa na hospitali, hata kama sehemu yake haitalipwa, ilimradi nafasi ya kazi ya mtu huyo ilindwe.

Najua kwamba sheria na majengo huchukua miaka, na wagonjwa walioko kwenye mabasi ya leo usiku hawana miaka hiyo. Kwa hiyo ninamalizia na jambo ambalo halihitaji kibali cha wizara yoyote. Karibu kila mtaa wa Dar es Salaam, na vijiji vingi pia, vina chama cha kufa na kuzikana. Katiba za vyama hivi huainisha kwa makini sanda au jeneza, turubai, chakula cha waombolezaji, na gari la kusafirisha mwili hadi kijijini, gharama ambayo inazidi kwa mbali nauli ya mtu aliye hai. Katika kikundi chetu cha wanawake hapa Mbagala tulijadili jambo hili baada ya msiba wa dada, na mjadala ulikuwa mkali kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa wenzetu kadhaa walihofia mfuko kukauka na maiti kukosa heshima. Hofu yao ilikuwa ya haki, na ndiyo maana tuliweka kiwango cha juu kwa mwaka na kutenganisha akaunti mbili. Kifungu tulichokubaliana, ambacho kikundi chochote kinaweza kukichukua na kukirekebisha, kinasomeka hivi: "Mwanachama, au mtegemezi wake aliyeandikishwa, anayetibiwa saratani kwa rufaa, atalipiwa nauli yake na ya mwangalizi mmoja kwenda na kurudi kliniki, kwa kuonyesha kadi ya miadi, bila kusubiri kikao."

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Mbagala, Dar es Salaam.